Mwanamume Aliyepokea Simu ya Rukia

Rukia alijua kuna jambo pale alipomkuta Bi Saida amekaa sebuleni kwao na koti lake mwilini. Baridi ilikuwepo, ni kweli, Juni ya Mbeya haina mzaha na mtu. Lakini mgeni aliyekuja kwa heri huvua koti, hupokea chai, huuliza habari za watu mpaka za kuku. Huyu alikuwa amelifunga hadi kifungo cha shingoni, na chai aliyowekewa ilikuwa imeshafanya utando juu.

"Shikamoo, shangazi," Rukia akasema, akikunja goti pale mlangoni, mfuko wa hina mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae. Tunakuzungumzia wewe."

Bi Saida alikuwa shangazi yake Junaid, na Junaid ndiye kijana mwenye duka la vitambaa Iringa mjini ambaye wazee wake walikuwa waje hapa Ilomba siku ya Ijumaa kukamilisha posa. Kijana mwenyewe hakuwa na ila. Alikuwa mpole, anaswali, hana makuu. Rukia alipoulizwa juu yake alinyamaza, na katika nyumba ya mzee Abdulkarim kunyamaza kwa binti kulihesabiwa kuwa ndiyo. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili, na yeye, kwa woga wake, hakujitolea kusema.

Alikaa ukingoni mwa kochi karibu na mama yake. Mama alikuwa anakunja ncha ya mtandio na kuikunjua, anakunja na kuikunjua, na hilo lilimtisha Rukia kuliko lile koti.

"Nilikuwa namwambia mama yako," Bi Saida akaanza, "dunia imekuwa nyepesi. Zamani tukitaka kumjua binti wa watu tulikwenda kwao kuomba chumvi. Unaingia, unatupa jicho uani, unaona vyombo vimeoshwa au vimelala. Siku hizi binti ana websaiti. Nikaifungua, mashallah. Nikaona mikono ya maharusi, piko, hina ya maua, kumbi ulizopamba. Mwanangu, una mkono."

"Ahsante, shangazi."

"Nikashuka chini, nikashuka, mpaka mwisho kabisa wa ukurasa. Nikakuta namba ya simu. Nikasema ngoja nijifanye mteja, ndiyo chumvi ya siku hizi. Nikapiga."

Jana jioni alikuwa ameambiwa kuna mama mmoja wa Iringa anataka mpwa wake apambwe, naye akafurahi kwamba sifa zake zimefika mbali. Kumbe!

"Akapokea mwanamume," Bi Saida akasema.

"Mwanamume?" mama akauliza. Ilionekana alikuwa hajafikishwa bado kwenye sehemu hiyo.

"Tena mwenye adabu. 'Karibu, hapa ni kwa Rukia.' Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akanijibu kama anayesoma taarifa ya habari. Kesho atakuwa Uyole, ana bibi harusi, atarudi nyumbani kwao alasiri. Nikasema basi nitamfuata hukohuko." Bi Saida akamgeukia Rukia polepole. "Akaniambia, 'Mama, naomba ukimkuta usimsimamishe nje kwenye baridi. Mafua hayajampona vizuri.'"

Na kana kwamba shetani alikuwa anangoja zamu yake, Rukia akapiga chafya.

"Umeona?" Bi Saida akasema, wala hakutabasamu. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakuyataja mafua, lakini naona ni ndugu. Mimi sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Nimekuja kuuliza kabla wazee wetu hawajajiaibisha Ijumaa. Huyo mwanamume ni nani?"

Mama alisimama haraka mno. "Shangazi, chai yako imepoa. Rukia, njoo unisaidie."

Jikoni, mama hakugusa sufuria. Aliurudisha mlango nyuma yake, akasimama karibu na binti yake mpaka pumzi zao zikagongana.

"Baba yako yuko msikitini, anarudi sasa hivi. Nataka jibu kabla hajavua viatu. Ni nani?"

"Ni fundi, mama. Aliyenitengenezea websaiti."

"Fundi." Mama akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara ya pili. "Fundi Gwakisa amejenga choo chetu mwaka mzima. Amewahi kuniuliza mafua yangu?"

Rukia aliinamisha uso. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa hina, na alivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Jina lake?"

"Zabron."

Mama alikaa kwenye kigoda. Jina peke yake lilikuwa limeshamaliza maelezo. "Zabron wa wapi?"

"Kwao Igowole, upande wa Iringa. Anafundisha kompyuta Iringa, kwenye jengo lilelile nililosomea mapambo."

"Anasali wapi?"

"Mlutheri, mama."

"Ya Rabi nisitiri." Mama akajifunika mdomo kwa mtandio. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Shangazi yako Yasmini yuko Tukuyu. Si mbali, mtu anakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Umewahi kumwona akiingia mlango huu?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

Rukia alijua kwa nini. Kila mtu katika ukoo alijua. Yasmini alikuwa dada pekee wa mzee Abdulkarim, na alikwenda na mwanamume ambaye wazee hawakumtaka. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa. Hata ile picha ya Idi ya nyumbani kwa babu iliyokuwa ukutani ilishushwa, kwa kuwa na yeye alikuwemo, mtoto mdogo mbele ya miguu ya watu.

"Baba yako hakumpigia kelele," mama akasema. "Alifunga mlango tu. Mwanangu, mimi nina binti mmoja. Sina mwingine wa kufungiwa mlango."

Maneno yale yalimwingia Rukia mpaka kwenye mifupa. Aliogopa. Alimwona mama yake akiandaa futari ya watu wawili, alijiona yeye akipita barabara ya Ilomba na nyumba yao ikimtazama kama mgeni.

"Mkane," mama akanong'ona. "Sema ni fundi, basi. Baba yako atasadiki kwa sababu anataka kusadiki. Ijumaa itapita. Na mimi nitasahau nilichokisikia."

Sauti ya "Asalaam aleikum" ikasikika mlango wa mbele. Mama akajifuta macho, akabeba birika, akatoka.

Rukia alibaki ameegemea ukuta wenye masizi.

Nani angeamini kwamba yote haya yameletwa na namba moja ya simu? Zabron alikuwa amejijengea tovuti yake kwa Python, lugha ya kompyuta, ndogo, safi, ya kumwonyesha mtu yeyote kazi zake. Jina lake juu, picha yake kando, kazi zake katikati. Halafu akamwambia Rukia hiyohiyo inaweza kuwa ya kwake. "Faili moja tu," alimweleza siku ile, viti vyao vikiwa karibu kuliko ilivyohitajika. "Hapa jina, hapa rangi, hapa picha. Ukibadilisha hapa, nyumba nzima inabadilika." Rukia aliandika jina lake herufi kwa herufi, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka na jina la Rukia mahali pa Zabron. "Nimekaa palepale ulipokuwa umekaa wewe," alisema akicheka. Zabron hakucheka. Alimtazama tu, akamtazama, mpaka skrini ikazimika yenyewe mbele yao na hakuna aliyeigusa. Moyo wa Rukia haukurudi mahali pake tangu alasiri ile.

Lakini namba iliyokaa chini kabisa Zabron aliiandika kwa mkono siku alipokuwa anajenga ya kwake, nje ya lile faili, akaisahau. Kila kitu kikageuka kuwa cha Rukia, isipokuwa hiyo. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa Mbalizi, alipiga akitaka mpambaji akapokelewa na mwalimu wa kompyuta Iringa. Zabron akampigia Rukia kuomba radhi, akaanza kwa salamu ya kwao. "Kamwene, Rukia. Nimekosea, nisamehe, nairekebisha leoleo."

"Iache," Rukia alimjibu.

Akaiacha. Na hapo ndipo walipoingia wenyewe mtegoni kwa miguu yao miwili. Kila aliyemtaka Rukia alimpigia Zabron, na Zabron akampigia Rukia kumpa kazi. Nyumbani wakimuuliza anaongea na nani, alijibu "mambo ya kazi," na ulimi wake haukuwa umedanganya. Baada ya habari za mteja kulikuwa na za mchana wake, na za wanafunzi wake, na mafua yake, na kimya kile kitamu cha watu wawili ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Posa ya Junaid ilipokuja, Rukia alimwapisha Zabron. Mtu yeyote wa kwetu akikuuliza, wewe ni fundi tu. Zabron akamwambia neno ambalo Rukia alijitahidi kulisahau. "Nitasema, kwa kuwa umeniomba. Lakini nikilisema mbele ya baba yako, Rukia, nitaliheshimu. Sitarudi kusema vingine. Mtu hawezi kuwa fundi asubuhi akawa mkwe jioni. Wazee hawachezewi hivyo."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Bi Saida ikirudia yote, Uyole, bibi harusi, baridi, mafua. Sauti ya baba haikusikika. Mzee Abdulkarim alikuwa na duka la mchele Uyole, mahali ambapo watu hupiga kelele kutwa nzima, na yeye alijulikana kwa kutopiga. Alivyozidi kukasirika ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka.

Kisha ikasikika, chini kabisa. "Nisomee hiyo namba."

Rukia alitoa simu yake kwenye mfuko wa gauni. Aliandika neno moja akalifuta, mara tatu. *Baba anakupigia sasa hivi. Sema wewe ni fundi tu. Nakuomba Zabron.* Akatuma. Aliona ujumbe umefika. Aliona umesomwa. Jibu halikuja.

"Rukia!" baba akaita. "Njoo."

Alikuta simu ya baba imewekwa mezani katikati ya vikombe, sauti imefunguliwa wazi, inaita. Baba alikuwa bado na kofia ya kuswalia. Hakumtazama binti yake. Rukia alisimama karibu na pazia, akiomba Mungu simu ile isipokelewe, akiomba pia ipokelewe, maana hakujua tena anachokiomba.

"Haloo, karibu, hapa ni kwa Rukia."

Sauti ile! Kwa mara ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba yao, kati ya mazulia na vikombe vya mama, na ilionekana haina kosa lolote.

"Asalaam aleikum," baba akasema.

"Wa aleikum salaam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Abdulkarim. Baba yake."

Nyuma ya Zabron kulisikika viti vikiburuzwa na wanafunzi wakicheka, kisha mlango ukafungwa na kelele zikakatika.

"Nakusikiliza, mzee."

"Wewe ni nani wa binti yangu?"

Aliogopa atasema kweli, mlango wa baba ufungwe. Na hapohapo, kwenye kifua kilekile, aliogopa atasema alichoagizwa.

"Mimi ni fundi tu, mzee," Zabron akasema.

Mama alishusha pumzi. Bi Saida aliinamisha kichwa kuisikia vizuri simu.

"Namba ya fundi inafanya nini kwenye kazi ya mwanangu?"

"Ni kosa langu. Nilijenga yake kutokana na yangu, nikasahau kuibadilisha pale chini."

"Na mafua yake?"

"Sauti yake ilikuwa imekauka nilipompigia kumpa kazi ya mteja. Nilisema kiutu tu, mzee."

"Kiutu."

"Ndiyo, mzee."

"Iondoe hiyo namba."

"Naiondoa sasa hivi. Nisamehe kwa usumbufu niliowaletea." Halafu akaongeza, polepole, kama anayeweka kitu chini asikivunje. "Nimesikia kuna jambo la heri hapo Ijumaa. Nawatakia heri."

Simu ikakatika.

Baba aliegemea kiti, na kwa mara ya kwanza akamtazama binti yake, na jicho lake lilikuwa limelainika. Bi Saida alifungua kifungo cha shingoni, kisha cha pili.

"Basi, alhamdulillah," akasema. "Kuuliza si ujinga. Kijana wa watu, fundi wa watu. Mama Rukia, sasa hiyo chai naweza kuinywa."

Kila mtu alikuwa amepona. Rukia alikuwa ndiye pekee ambaye hakuwa amepona. Alitoa simu yake, akafungua ukurasa wake, akashuka mpaka chini. Namba ya Zabron ilikuwepo. Akavuta ukurasa ujipakie upya. Ilikuwepo. Akavuta tena, na safari hii pale chini palikuwa na namba yake mwenyewe, imekaa kama vile haikuwahi kukaa nyingine. Hata yale maneno madogo ya pembeni, *Imejengwa na Zabron*, ambayo hakuna aliyemwambia ayaguse, hayakuwepo. Ukurasa ulikuwa mzuri vilevile. Rangi zilezile, hina ileile. Ila mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa ameondoka, amebeba vyake vyote, na alifanya hivyo kwa sababu yeye Rukia alimwomba.

Ndipo akaelewa kwamba Zabron hakuwa anamtishia siku ile. Alikuwa anamwambia alivyo.

"Tulikuwa tunafikiria Ijumaa baada ya swala," Bi Saida alikuwa anasema, "wazee wetu watatoka Iringa alfajiri..."

"Baba," Rukia akasema.

Alijisikia kana kwamba sauti imetoka kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Bi Saida alinyamaza na kikombe njiani.

"Alichosema si kweli."

"Rukia!" Mama alinyanyuka nusu. "Mtoto ana homa huyu, tangu juzi..."

"Sina homa, mama." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, aliogopa akiinua mkono atashindwa kumaliza. "Nilimtumia ujumbe nikiwa jikoni. Mimi ndiye niliyemwambia aseme ni fundi. Yeye hakutaka. Baba, naogopa, naogopa mpaka miguu sijui kama ninayo, lakini nikinyamaza na leo nitakuwa nimesema ndiyo. Na mimi sijasema ndiyo. Sijawahi kusema."

Nje, jirani alikuwa anaita mtoto aingize kuni.

Bi Saida ndiye aliyekuwa wa kwanza. Aliweka kikombe, akafunga vifungo vyake kimoja kimoja bila haraka, akasimama. Rukia alingojea matusi. Bi Saida alimkaribia, akamwinua kidevu kwa kidole.

"Ungemwambia mwanangu Junaid mapema, angeumia kidogo," akasema. "Sasa ataumia zaidi. Hilo ni lako, ulibebe." Kisha akamgeukia baba. "Shemeji, sisi tulikuja kuuliza na tumejibiwa. Hatuna ugomvi. Ijumaa msipike."

Mama alimsindikiza hadi barabarani, akipata pia sababu ya kutokuwepo mle ndani.

Wakabaki wawili. Rukia alingoja sauti ile ya chini kabisa, ile iliyomwondoa Yasmini.

"Kaa," baba akasema.

Akakaa. Baba akamuuliza jina la huyo mtu na anakosali, naye akamjibu bila kuficha.

"Unajua hawezi kukuoa akiwa hivyo alivyo."

"Najua, baba."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Tukifika hapo tunabadilisha mazungumzo. Tunaogopa."

Mzee Abdulkarim alivua kofia yake, akaikunja gotini, akaikunjua. Bila kofia alionekana mzee zaidi, nywele zimemwisha utosini. "Hata mimi naogopa," akasema. "Unadhani mwenye kufunga mlango haogopi? Dada yangu aliondoka akiwa na miaka kama yako. Nilifunga nikijua atagonga. Na yeye, nadhani, alikaa huko akijua nitafungua. Sasa tumezeeka." Akaikunja tena kofia. "Sikwambii nimekubali. Usisikie nisichosema."

"Sijasikia, baba."

"Mpigie huyo mtu wako."

Rukia alipiga. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita, ikakatwa. Akabaki ameishika kwa mikono miwili, na woga uliokuwa kwa baba yake sasa ukahamia Iringa wote, kwa mtu mmoja aliyesema hatarudi nyuma na neno lake. Mtu wa Igowole, mkaidi, mwenye adabu kupita kiasi.

"Hapokei," akasema.

Baba alichukua simu yake mezani, akaibonyeza, akaiweka pale pale kati ya vikombe. Iliita mara moja tu.

"Shikamoo, mzee. Nimeshaiondoa."

"Sawa. Binti yangu ananiambia wewe ni mwongo."

Upande wa pili kiti kiliburuzwa.

"Nakuuliza mara ya mwisho," baba akaendelea, "na sikuulizi kwenye simu. Mambo haya si ya simu. Njoo Ilomba na baba yako, ukae mbele yangu, uniambie wewe ni nani. Ukiwa fundi, tutakunywa chai, utarudi kwenu. Ukiwa mwingine, kuna mazungumzo, na mengine yatakuwa magumu, dini ya mtu si shati. Usipokuja, nitajua ulichosema mwanzo ndicho."

Rukia aliweza kumsikia anapumua, zile pumzi alizozijua, na alifikiri sasa atasema neno ni neno, sasa ataaga kwa heshima zake zote na habari iishie hapo.

"Mzee," Zabron akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa imara tena. "Naomba kuuliza kitu kimoja. Rukia amesema hayo baada ya kuulizwa? Au amesema mwenyewe?"

Baba alimtazama binti yake aliyekaa na hina vidoleni na uso umeloa.

"Amesema mwenyewe," akajibu. "Hakuna aliyemuuliza."

"Basi nakuja," Zabron akasema.

Mzee Abdulkarim akakata simu, akavaa kofia yake, akaiweka sawa kichwani.

"Usicheke," akamwambia Rukia. "Kuja si kuoa."

"Sicheki, baba," Rukia akasema, na kweli alikuwa analia.